Safari ya redio ya shangazi, Kitale hadi Bungoma

Msomaji mpendwa, siku utakapopata nafasi ya kuzuru Kitale, usisahau sweta. Mji huu uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi haina mzaha. Lakini ukijikaza ukatoka nje kabla ya mawingu kutanda, utauona Mlima Elgon upande wa magharibi, mpana ajabu, ukiteremka polepole pande zote. Nyuma yako jua litakuwa linachomoza kutoka vilima vya Cherangani.

Uweke mteremko huo wa Elgon akilini. Tutauhitaji punde si punde, maana ndio niliotumia kumfundisha mdogo wangu kazi ya kulehemu.

Wageni wengi huijua Kitale kwa mahindi yake. Reli ilifika hapa 1926, ikabeba mazao ya walowezi. Wengine huja kutazama makumbusho yaliyofunguliwa 1974. Mimi nakushauri uzunguke pia kwenye vibaraza vya mafundi wa redio. Utaona meza ya mbao, redio zilizopasuliwa matumbo, chaja za simu, taa za sola na spika zisizo na masanduku. Zamani meza hizo zilielemewa na televisheni zile nene zenye kisogo. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa nchini 2015, nyingi ya televisheni hizo zimeishia stoo, na fundi naye amejifunza sola.

Hao ndio watu wa jua kali. Serikali ilipochapisha waraka wake wa sera kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali mwaka wa 1992, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kulisha na kusomesha familia nyingi, yetu ikiwemo.

Baba yetu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mmoja wao. Alianza kazi enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya shirika hilo kugeuzwa kuwa KBC mwaka wa 1989. Nyumbani kwetu Matisi hakukuwa na stima wakati huo, basi alitumia kipande kizito cha shaba chenye mpini wa mti, akikichoma kwenye jiko la makaa kama anayechoma mahindi. Stima ilipokuja alinunua chuma cha kulehemu cha kuchomeka ukutani, lakini kile cha shaba hakukitupa.

Mimi alinifundisha nikiwa darasa la sita. Nikikosea, alinigonga vidole kwa bisibisi. Nilijua kazi, lakini nilipomaliza shule nilikwenda chuoni kusomea uandishi wa habari. Aliyebaki akimtazama Baba akifanya kazi ni kitinda mimba wetu, msichana. Alitazama tu. Kila alipoisogelea meza alitumwa chai.

Baba alipofariki aliacha redio saba ambazo hajazimaliza, kila moja imefungwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Moja ilikuwa ya shangazi yetu wa Bungoma, au senge kama tusemavyo kwetu.

Nilipokwenda nyumbani Desemba, mdogo wangu akiwa ndio kwanza amemaliza kidato cha nne, aliniuliza, "Kaka, redio hizi za watu zitakaa hapa mpaka lini?"

Nikamwambia nitatengeneza ya senge, tumpelekee Jumamosi.

"Na hizo nyingine?" akauliza. "Wewe ukirudi Nairobi nani atazimaliza? Nifundishe mimi."

Msomaji, sikuwa na jibu. Niliyefundishwa niliondoka, na aliyetaka kufundishwa alikuwa akipika chai. Basi nikafuta vumbi mezani.

Kulehemu si uchawi. Lehemu, ambayo mafundi wengi huiita solda, ni waya laini wa bati na risasi. Ule wa sehemu 60 za bati kwa 40 za risasi huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 190, yaani chini kabisa ya joto linaloweza kuyeyusha shaba ya waya unaoungwa. Ndani ya waya huo mna ulimbo wa msonobari. Ukipata moto, ulimbo husafisha uso wa chuma ili lehemu ishike. Ule moshi wenye harufu tamu unaousikia kwa fundi ni wa msonobari.

Kosa la wanafunzi wote ni moja. Huyeyusha lehemu kwenye ncha ya chuma, kisha huipakaza kwenye waya kama siagi kwenye mkate. Haishiki. Unachopaswa kupasha moto ni vile vitu viwili vinavyoungwa, kwa sekunde mbili au tatu, halafu ugusishe lehemu kwenye kiungo chenyewe. Kiungo kikiwa na moto wa kutosha, lehemu itayeyuka yenyewe na kutambaa.

Nilimpeleka mlangoni nikamwonyesha Elgon. "Kiungo kizuri hukaa hivyo," nikamwambia. "Kinateremka polepole mpaka chini. Ukiona kimesimama kama punje ya njegere, jua hakikushika. Mafundi hukiita kiungo baridi."

Alifanyia mazoezi kwenye kibao cha redio mbovu. Njegere ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kufikia Ijumaa jioni vilima vilianza kuonekana. Ndipo tukaifungua redio ya senge.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kawaida. Betri zilizosahauliwa ndani zilikuwa zimetoa maji, kile kibati kinachozishika kikaota kutu, na waya mwekundu ukakatika. Mdogo wangu alichukua msasa akaanza kukisugua kibati. Akasugua, akakitazama, akasugua tena. Nami Jumamosi asubuhi nilikuwa nikihesabu saa ya matatu. Mwishowe uvumilivu ukaniishia.

"Lete," nikasema, nikamnyang'anya chuma mkononi. Nikaunga ule waya mara moja, nikatia betri, redio ikalia. "Umeona?"

Hakusema kitu. Aliosha mikono, akaenda kujitayarisha. Ni baadaye tu nilipojua kwamba aliweka mkobani kile kipande cha shaba cha Baba, na lehemu kidogo iliyofungwa kwa karatasi.

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma, njia yako itapita Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye. Kaa dirishani upande wa kulia ili Elgon iandamane nawe. Mashamba makubwa ya mahindi yatazidi kuwa madogo, migomba itaongezeka, na sweta utalivua, kwani kutoka Kitale hadi Bungoma unateremka kama mita 500. Kamukuywa wachuuzi watakusukumia ndizi na mahindi ya kuchoma dirishani. Nunua.

Safari yetu ilikuwa ya kimya. Mdogo wangu alipakata redio, nami nikatazama barabara. Dereva hakuliruka shimo hata moja.

Webuye zamani iliitwa Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Juu ya mji kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka wa 1895. Lakini msafiri wa makamo hukumbuka zaidi harufu ya kiwanda cha karatasi, kilichosagia misonobari iliyopandwa sehemu za Turbo na kwingineko. Kiwanda kilisimama 2009, na 2016 kikapata mwenyewe mpya. Nilitaka kumwambia mdogo wangu kuwa ulimbo wa lehemu na karatasi hutoka kwenye mti mmoja. Nilimtazama usoni, nikanyamaza.

Kutoka hapo ni miwa ya Bukembe, kisha njia panda ya Kanduyi, unakata kushoto, na Bungoma hiyo. Mji una joto, una reli iendayo Malaba na Uganda, na una watu wasiokuruhusu kupita nyumbani kwao bila kula.

Senge alitupokea kwa vifijo. Aliipokea redio kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kitambaa cha mezani, akaita majirani waje wasikie kazi ya mwisho ya ndugu yake. Akawasha.

Kimya.

Akazungusha kitufe. Kimya. Majirani wakatazamana. Nami jasho likanitoka.

Tuliifungua hapo hapo. Waya mwekundu ulikuwa umeng'oka, na pale ulipokuwa umeungwa palibaki kijipunje cha mviringo, chenye rangi ya majivu. Njegere. Kiungo baridi kama maji ya mtungini, na kilikuwa changu mimi niliyefundishwa tangu darasa la sita. Niliunga juu ya kutu ambayo mdogo wangu alikuwa bado anaisugua.

Mabaya huandamana, maana siku hiyo stima ilikuwa imepotea mtaani tangu asubuhi. Nikaanza kumweleza senge kwamba tutairudisha Kitale. Mdogo wangu akafungua mkoba, akatoa shaba ya Baba. "Senge," akasema, "kuna makaa?"

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, akakisugua kibati mpaka kikang'aa kama sarafu mpya. Safari hii hakuna aliyemharakisha. Shaba haikungoja iwe nyekundu, maana ikifika hapo huungua na kukataa kushika lehemu. Hilo sikumfundisha mimi. Alilijua kwa kumtazama Baba kutoka mlangoni. Alipangusa ncha kwa kitambaa kibichi, akaigusisha lehemu kidogo ikang'aa, akapasha waya na kibati pamoja, akatia lehemu. Mikono yangu iliwasha. Niliiweka mfukoni, na nakiri kwamba hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huo.

Akapuliza? La. Aliacha kipoe chenyewe, akauvuta waya kidogo, haukutikisika. Nilipoinama kutazama, niliona mteremko.

Redio ilipolia ilikuwa kwenye Sulwe FM, mtangazaji akizungumza Kibukusu, na senge akaketi chini akafuta macho kwa leso. Kisha akainuka akamkamata kuku.

Sasa msomaji, kama hutoki Magharibi, nikueleze jambo. Kwetu firigisi ya kuku, au imondo, huwekewa mwanamume mwenye heshima zake. Chakula kilipopakuliwa nilijua iko wapi. Nikafunua sahani yangu, haipo. Senge alikuwa ameiweka kwenye sahani ya mdogo wangu. "Fundi ale," akasema. Hakuna aliyebisha, wala mimi.

Kama nawe una mdogo wako anayependa kufungua-fungua vitu nyumbani, nina machache ya kukushauri. Mwanzishe na vifaa vya betri, si vya umeme wa ukutani. Televisheni za kisogo asiziguse kabisa, kwani huweka umeme mkali ndani hata zikiwa zimechomolewa. Afungue dirisha, moshi si wa kuvuta. Asishike lehemu kwa meno, na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana risasi ni sumu. Mpe kitu kibovu afanyie mazoezi, halafu, na hapa ndipo wengi wetu hushindwa, mpe kitu kizima ambacho kikiharibika kitakuuma.

Akiiva, asidhani kazi yake ni ya kichochoroni. Kitale kuna taasisi ya kitaifa ya mafunzo ya ufundi, na mtu aliyejifunza kazi kibarazani anaweza kufanya mitihani ya ufundi ya serikali inayosimamiwa na NITA, akapata cheti cha kuonyesha.

Tulirudi Kitale kesho yake. Mdogo wangu alikuwa na noti ya shilingi mia mbili aliyopewa na senge, ya kwanza kuipata kwa kazi ya mikono yake, na aliikunja mara nne. Kabla ya Matisi aliniuliza kama fundi anaweza kuunga waya mwembamba kwa shaba nene. Nikamweleza, na mazungumzo hayakukatika tena mpaka nyumbani.

Redio zilizobaki zilikuwa sita. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu zilikuwa mbili, na jirani mmoja alikuwa ameleta taa ya sola. Basi ukifika Kitale, uliza vibarazani. Na ukimfundisha wako, mpe chuma, kisha weka mikono mfukoni.