Barua kutoka Leeds: Hema Lililogeuka Koti

Ndugu zangu wa Nyasubi, Kahama,

Kila mwisho wa Agosti, nje kidogo ya mji huu, vijana hukusanyika Bramham Park kwa tamasha la muziki. Hupiga mahema, hucheza siku kadhaa, kisha wengi huondoka na kuyaacha palepale, mengine bado mapya. Ukipita kesho yake utadhani watu wamekimbia vita.

Wanafunzi wa mitindo huku wameanza kuyaokota. Huyafua, huyafumua, huyakata upya, na hema linakuwa koti la mvua lenye zipu ileile iliyokuwa mlangoni. Nimelishika moja kwenye maonyesho yao. Mshono umenyooka, mifuko imekaa mahali pake, na bei yake ingenunua cherehani pale Kahama mjini na chenji ikabaki.

Si kazi ngeni kwa watu hawa. Batley, mji mdogo jirani, ndiko Benjamin Law alikoanza mwaka 1813 kusaga matambara ya sufu na kuyachanganya na sufu mpya ili kupata uzi wa kufumia kitambaa. Viwanda vya hapa vikawa vinaagiza matambara hadi ng'ambo. Leo wao ndio wanaotuletea yao, yamefungwa marobota.

Nasi tunaijua kazi hii. Fundi wa barazani hapo Nyasubi hupokea suruali ya mtumba ya mtu mnene, akairudisha inamkaa kijana mwembamba. Tairi lililokwisha huwa katambuga. Salfeti huwa mkoba wa sokoni. Kwa ujuzi wa mikono, sioni alichotuzidi mwanafunzi wa huku.

Alichotuzidi ni daftari. Kila nguo anaiandikia: kitambaa kilitoka wapi, mchoro wa kwanza ulikuwaje, upi ulikataliwa na kwa nini. Kwa daftari hilo humweleza mnunuzi sababu ya bei, na akitakiwa kushona jingine kama lile, anaweza. Fundi wetu akitoa kitu kizuri, ubunifu wake huondoka na mteja.

Kampala wameshaliona hilo. Bobby Kolade, aliyepitia nyumba za mitindo za Paris, alianzisha BUZIGAHILL, na mwaka 2022 akatoa nguo alizoziita Return to Sender, yaani mrudishie aliyetuma. Hununua mitumba, huifumua, huishona upya, kisha huwauzia watu wa nchi zilezile zilizoitupa. Na bei anaipanga yeye.

Basi, vijana wetu mnaojifunza cherehani, anzeni daftari. Pigeni picha nguo kabla ya kuifumua na baada ya kuishona. Ishoneeni lebo yenye jina lenu. Hesabuni saa zenu za kazi, si gharama ya mtumba peke yake. Na kwa kuwa tuko ukanda wa dhahabu, mfuko uliotoka mgodini au kwenye mialo ya kuchenjulia uacheni, hata uwe imara vipi. Hamjui kama ulishika zebaki au sayanaidi, na kuufua hakuufanyi salama.

Mkimaliza nguo ya kwanza, nitumieni picha na bei. Ila msinipe bei ya ndugu. Hiyo ndiyo inayowafilisi mafundi wetu.

Ndugu yenu,
Leeds, Uingereza