Ringi, Tairi na Kosa la Mwalimu
Katika somo la vipimo niliwaeleza wanachuo juu ya magari ya mbio za robo maili huko Marekani, yaani mita 402 hivi, yenye matairi mapana nyuma. Mmoja akauliza kama ringi yoyote ingefaa. Nikajibu kwa haraka: "Ndiyo, mradi kipenyo kilingane." Nilikosea.

Kesho yake nilikiri, nikapinda ukanda wa karatasi ya manila baina ya viganja. Viganja vilipokaribiana, karatasi ilituna: ndivyo ringi nyembamba inavyolifanya tairi pana likanyage zaidi kwa katikati. Vilipoachana kwa kiasi, ililala sawasawa. Kumbe upana nao hupimwa.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, usione haya kulisahihisha kosa lako mbele ya darasa.