Muhuri

Muhuri wa klabu yetu ya mtaani, Ujiji, ulikaa ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda cha baba mdogo. Kopo hilo ndilo lilikuwa ofisi nzima: muhuri, kidau cha wino, daftari la michango na katiba ya kurasa sita. Alinikabidhi mwaka 2019, macho yake yalipoanza kufifia.

“Mpira unachezwa uwanjani, mwanangu,” aliniambia, “lakini unaliwa humu.”

Nilicheka. Ukatibu kwangu ulikuwa kukusanya shilingi mia tano za wachezaji na kwenda Kibirizi kuomba nyavu chakavu za dagaa, tuzifunge kwenye magoli.

Halafu, Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho ikaletwa kwetu, mwisho wa reli. Simba na Yanga, Uwanja wa Lake Tanganyika! Nyumba za wageni zilijaa. Kwetu walilala binamu wanne kutoka Kasulu. Mimi ni Yanga. Kipindi cha pili Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao moja, likatosha. Nilirudi Ujiji nimenuna, lakini nikiwaza jambo jingine: watu wachache wamekaa mezani wakaandika “Kigoma”, na mji mzima ukabadilika kwa wiki moja.

Siku 13 baadaye, Agosti 7, TFF ilifanya uchaguzi wake Tanga. Wallace Karia, rais tangu 2017, alikuwa mgombea pekee. Barazani, kwenye kahawa, hapakutosha.

“Huo ni uchaguzi au kutawazwa?” niliuliza, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Baba mdogo alisubiri watu watawanyike. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Klabu huchagua viongozi wa wilaya. Wilaya huchagua wa mkoa. Mikoa, pamoja na klabu za Ligi Kuu na vyama kama vya waamuzi na makocha, hupeleka wajumbe kwenye mkutano mkuu. Wajumbe hao ndio humchagua rais.

“Sasa niambie,” alisema, akirudi kwenye kidole cha kwanza. “Klabu ni nani?”

Nilinyamaza, kwa sababu nilijua anachokijua.

Mwaka mmoja kabla, mtu mmoja alinifuata nyumbani na muhtasari uliokwisha kuchapwa. Ulisema wanachama wetu wamekutana na kukubaliana nani tumuunge mkono kwenye uchaguzi wa chama. Hatukuwa tumekutana. Alikuja pia na mipira miwili mipya. Watoto wetu walikuwa wakichezea mmoja, umeshonwa mara tatu kwa uzi wa nyavu. Nilijiambia ni kwa ajili yao. Nikajaza majina kumi kwa mkono wangu, nikabadilisha mwandiko kila jina, nikagonga muhuri.

Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna hata aliyeuliza.

Sidhani karatasi yangu ilifika Tanga. Lakini nilikuwa nimelalamikia kule juu jambo nililolifanya huku chini, kwa bei ya mipira miwili.

Mwezi uleule niliitisha mkutano chini ya mwembe. Walikuja tisa. Niliwasomea ule muhtasari wote, majina yao yakiwemo. Mmoja, mvuvi, alikunja uso.

“Siku hiyo mimi si nilikuwa Kirando?”

“Ndiyo, kaka. Ulikuwa Kirando.”

Kimya. Mipira yenyewe ilikuwa imeshapasuka zamani.

Waliniondoa ukatibu kwa kura saba kwa mbili. Baba mdogo alikuwa miongoni mwa wale saba. Alinyoosha mkono wa kwanza. Nilizihesabu kura mwenyewe, nikaandika muhtasari, kila mtu akasaini jina lake. Kisha nikagonga muhuri, nikafunga kopo, nikamkabidhi binti waliyemchagua.

Ulikuwa muhtasari wa kwanza wa kweli niliouandika.