Sufi na Chanuo la Bibi

Nilifika Maskati mwezi wa Juni, 1998, nikiwa na miaka 19. Shangazi aliniita kutoka Unguja nikamsaidie watoto, na hakuna aliyenitajia kwamba nyumbani kwake Al Khuwair mlikuwa na paka. Paka wa kwetu Ng'ambo nawajua: wembamba, wa milia, wanaoishi kwa vichwa vya samaki na kulala juu ya mabati. Huyu hakufanana nao hata kidogo. Alikuwa mweupe, uso bapa kana kwamba mlango ulimfungia usoni, na manyoya marefu hata akikaa miguu huioni. Paka wa Kiajemi. Jirani mmoja alihama, akamwacha kwa shangazi "kwa wiki mbili tu," na mimi nilipofika wiki hizo zilikuwa zimeingia mwaka wa pili.

Jina alipewa na Bibi, mama mkwe wake shangazi. Alimwita Sufi, kwa sufi ile ya kujazia mito. Wageni wa Kiarabu wakilisikia walicheka, wakidhani paka wetu ni wa twarika, na Bibi hakujishughulisha kuwasahihisha. Yeye alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya 1964, na Omani aliingia miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokwishashika nchi. Kiarabu alikizungumza na wauza duka. Ndani ya nyumba kilikuwa Kiswahili, na cha mjini hasa, kile ambacho kwetu nilikisikia kwa wazee peke yao.

Bibi alimpenda Sufi, ila hakuyapenda manyoya yake. Mara tano kwa siku aliuinua msala, akaukung'uta, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha. "Paka si najisi," alikuwa akisema, "anatuzunguka tu majumbani. Lakini unyoya ukishadondoka ni hadithi nyingine." Huo ulikuwa Ushafii wake, alisomeshwa tangu chuoni, nami sikuwa na elimu ya kumjibu. Machache husamehewa, aliniambia. Ya Sufi hayakuwa machache. Paka hupukutisha manyoya kwa kufuata urefu wa mchana, lakini huyu aliyekaa chini ya taa na kiyoyozi miezi kumi na miwili alipukutisha mwaka mzima.

Basi kazi ya kumchana ikawa yangu.

Shangazi alinionyesha walivyokuwa wakifanya. Mmoja humkamata Sufi chini ya kitanda, mwengine humvingirisha taulo kama sambusa, wa tatu humpitisha burashi ya vijisindano vya chuma, kutoka shingoni mpaka mkiani, haraka haraka, kabla hajajitoa. Tulikuwa watu watatu juu ya mnyama wa kilo nne. Mikono yangu wiki ile ya kwanza ilionekana kama nimeshinda nikikata miba. Paka naye akaijua burashi kwa sauti. Droo ikifunguliwa tu, hayuko.

Na tulichochana kilikuwa cha juu tu. Manyoya ya Kiajemi yana tabaka mbili, marefu ya nje, na ya chini laini mithili ya hiyo sufi yenyewe. Ya chini ndiyo yanayodondoka zaidi, na hayana pa kutokea, hukwama humo humo yakasokotana. Burashi yetu iliteleza juu, paka akang'ara kama bi harusi, kumbe makwapani, nyuma ya masikio, tumboni na kwenye mapaja amejaa mafundo.

Nilipoyagundua nilifanya kosa la kwanza: nilimwogesha. Nilidhani sabuni italegeza. Fundo la manyoya likipata maji hukaza kama kamba ya nazi, na yalipokauka yalikuwa mabamba. Kosa la pili silisahau. Nilichukua mkasi wa kushonea, nikalivuta fundo la kwapani, nikakata. Sikujua kwamba ngozi ya paka ni nyembamba na huvutika, na ukilivuta fundo ngozi hupanda nalo, ukawa huoni wapi manyoya yanaishia na wapi mwili unaanza. Sufi hakulia sana. Alinitazama, akaenda zake chini ya kabati, na sakafuni niliona matone mawili ya damu.

Daktari wa wanyama alimpa dawa ya usingizi, akamshona nyuzi mbili, kisha akamnyoa karibu mwili mzima kwa mashine. Chini ya mabamba ngozi ilikuwa nyekundu, mahali pengine imeota unyevu. Alituambia kila hatua ya paka ilikuwa inamvuta hapo. Shangazi alilipa huku akitaja bei ya mbuzi. Mimi nilibaki na lile neno la kumvuta. Siku zote tulikuwa tukisema paka huyu ana roho mbaya, hataki kuchanwa. Nani angetaka?

Kilichorudi nyumbani kilikuwa kichwa kikubwa juu ya mwili wa panya. Watoto walicheka mpaka wakalia. Bibi hakucheka. Alimpakata, akampapasa ule mgongo mtupu, akaniuliza, "We mwana, kwenu hukusukwa nywele?"

Nilisukwa, nikamwambia.

"Waliokusuka walianzia wapi kukuchana?"

Nikakaa kimya, kwa sababu jawabu nilikuwa nalo tangu utotoni, kichwani mwangu mwenyewe. Nywele hushikwa shinani kwa mkono mmoja ili kichwa kisisikie, chanuo likaanzia nchani, likapanda kidogo kidogo. Bibi alikuwa msusi ujanani, amesuka nusu ya wasichana wa mtaa wake. Alikuwa na chanuo lake la mti, meno mapana, mawili yamekatika. Alilitoa kwenye kasha siku ile na tangu hapo burashi ya sindano hatukuigusa tena.

Tulianza manyoya yakiwa bado mafupi, hayana cha kushika, ili Sufi alizoee chanuo kabla halijawa na kazi. Alasiri, baada ya sala, kabla hajala. Hakuna taulo, hakuna kumfuata chini ya kitanda. Bibi alikaa kwenye mkeka na chanuo kando, Sufi akija amekuja, asipokuja basi. Siku kadhaa hakuja. Alipokuja, alipewa chanuo alinuse, akajisugulia shavu mwenyewe. Mashavu, kidevu, chini ya shingo: hapo hakuna paka anayekataa. Michano kumi, Bibi akiihesabu kwa sauti, kisha kipande cha jodari aliyechemshwa bila chumvi. Kumi tu. Hata Sufi alipotaka zaidi, Bibi aliacha. "Aondoke na hamu," alisema.

Alinifundisha kumsoma. Ncha ya mkia ikianza kupiga sakafu, masikio yakigeuka ubavuni, au ngozi ya mgongo ikipita wimbi kama upepo juu ya maji, unaacha, hata kama umefika saba. Tumbo lilikuwa la mwisho, miezi minne baadaye, naye akiwa amelala ubavu kwa hiari yake. Fundo dogo likijitokeza tulilinyunyizia wanga wa mahindi, ule wa kutilia uzito supu, tukalifumua kwa vidole, uzi baada ya uzi. Mkasi ulirudi kwenye cherehani.

Miaka mingi baadaye, 2018, nilisoma habari za watafiti wawili wa Marekani, Alexis Noel na David Hu, waliouchunguza ulimi wa paka. Miiba yake ina ncha zilizo wazi kama kijiko, hubeba mate mpaka kwenye ngozi. Kwa paka wa Kiajemi haifiki, manyoya ni marefu mno. Nilimkumbuka Sufi alivyokuwa akijilamba saa nzima chini ya kiyoyozi, akifanya kazi ambayo ulimi wake hauwezi kuimaliza, na sisi tukimwita mvivu.

Mwaka 2003 Bibi alilazwa hospitali wiki tatu. Aliporudi, mkono wa kulia ulikuwa haushiki kitu, na nywele zake, zilizobaki chache na ndefu, zilikuwa zimelaliwa zikasongana nyuma ya kichwa. Nilikaa nyuma yake kitandani na chanuo lile lile. Sufi, naye mzee sasa, mgongo haufikii tena akijilamba, alilala juu ya miguu ya Bibi.

"Umeanzia juu," Bibi akasema.

"Sijaanza, Bibi."

Akanyamaza. Nilizishika nywele shinani, nikaanza nchani, na baada ya muda nikamsikia anahesabu. Nilipofika kumi aliinua ule mkono wake mzima kunizuia.

"Basi. Jodari wangu yuko wapi?"