Na Kobe Aliulizwa?

Kitabu cha Owen & Mzee kilitoka mwaka 2006. Mmoja wa waandishi, Isabella Hatkoff, alikuwa mtoto wa miaka 6 tu; aliandika na babake, Craig, pamoja na Mkenya Paula Kahumbu, na picha zikapigwa na Peter Greste. Kisa wengi mnakijua. Kiboko mchanga alibaki peke yake baharini karibu na Malindi siku za tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa, akaletwa Haller Park, Bamburi. Huko akamng'ang'ania kobe wa miaka kama 130. Kobe hakumtaka, akawa anajiondokea. Mtoto akamfuata tu, hadi mzee wa watu akachoka kukimbia (kama kobe hukimbia) wakawa wanalala pamoja.

Kitabu kizuri sana. Ila kiliisha kabla ya kisa kuisha.

Likizo ya Agosti niliwapeleka watoto wawili Haller Park: mwanangu wa miaka 4, na binti wa marehemu dada yangu, ambaye ana 6 na anaishi nasi tangu mwaka jana. Kitabu anakijua kwa moyo. Ukiruka ukurasa, anakurudisha.

Anayekwenda pale akitarajia simba atavunjika moyo. Ni mahali padogo, nusu siku yakutosha. Zamani palikuwa machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe tupu. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 ndizo zilizoshika, mvinje ukiwa mmojawapo. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakakaa vile vile, hayaozi, mpaka wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Msitu mzima umesimama juu ya mavi ya jongoo! Nilipomweleza mwanangu hivyo, basi, twiga wakasahaulika. Alichuchumaa njiani akimtazama jongoo mmoja akijikunja na kujikunjua, na kila mgeni aliyepita akaonywa: "Usimkanyage, huyu ndiye mwenye shamba."

Dadake alikuwa na haraka ya kufika kwa viboko.

"Mamdogo, mbona kobe hayuko nao?"

Ningeweza kusema amelala. Wazazi wengi wangesema hivyo, na siwalaumu. Nikamwambia ukweli: kiboko alikua akawa mkubwa, kobe angeweza kuumia, tena kiboko anahitaji viboko wenzake. Wakatenganishwa, Owen akawekwa na kiboko jike aitwaye Cleo.

Nilidhani atalia. Akauliza, "Na kobe aliulizwa?"

"Hapana."

"Owen je?"

"Naye hakuulizwa."

Akanyamaza, mikono kwenye uzio. Kiboko mmoja akatoa masikio majini, akayatikisa, akazama tena. Huyu mtoto naye, wiki ya matanga, wakubwa tuliketi ndani tukaamua aje kwangu, yeye akicheza uani na wenzake. Ningeamua vile vile leo. Nina nyumba, nina shule karibu, nyanyake hana nguvu tena za kumkimbiza mtoto. Hoja zote zilikuwa nzuri, kama zile za watu wa mbuga.

"Wewe ungeulizwa," nikamwambia, "ungetaka uulizwe nini?"

Alifikiri kwa muda, hata mdogo wake akatufikia na habari mpya za jongoo.

"Kama naweza kuja na kuku wangu."

Sikuwahi kusikia habari za kuku. Jioni ile, tukiwa bado kwenye matatu, nilimpigia nyanyake Taveta. Kuku yupo, mwekundu, mguu mmoja una kitambaa alichofungwa na mtoto, na hivi sasa analalia mayai 9.