Mara ya Mwisho Kumwona Mzima

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtu mzima aliyefia nyumbani kwake Dar es Salaam aliweza kuzikwa bila yeyote kuuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Maiti ilioshwa, ikaswaliwa, ikazikwa kabla ya magharibi. Jirani akiulizwa njiani alijibu kwamba marehemu aliugua ghafla, au alikuwa na presha, au ni mambo ya watu. Madaktari wa Muhimbili waliwajua wale waliofika Muhimbili. Waliobaki vyumbani, katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Temeke, hawakuingia kwenye hesabu ya mtu.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza kuwahesabu. Mradi ule tuliuita kwa herufi zake, AMMP, nao ulikuwa na maeneo matatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na Morogoro vijijini. Mimi nilikuwa muuguzi kijana, mzaliwa wa Mtaa wa Narung'ombe, na nikachukuliwa kuwa mmoja wa wadadisi upande wa Ilala. Kazi yetu ilikuwa kwenda kwa wafiwa. Mjumbe au jirani alileta habari ya kifo, tukasubiri matanga yaanuliwe, wengine tukawaachia mpaka arobaini ipite, ndipo tukapiga hodi na dodoso mkononi. Maneno ya mke, mama, dada au mpangaji wa chumba cha pili ndiyo yalikuwa kipimo chetu pekee. Ulikuwa uchunguzi wa maiti bila maiti.

Magonjwa yalikuwa mengi, lakini nitakisimulia kiharusi, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kigezo ni kitu gani. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshakieleza tangu miaka ya sabini, kwa namna isiyohitaji mashine yoyote: dalili za kuvurugika kwa kazi ya ubongo zinazoanza kwa haraka, zikidumu zaidi ya saa 24 au zikamfikisha mtu kwenye kifo, pasipo sababu nyingine inayoonekana ila mishipa ya damu. Ni sentensi fupi, na kila kipande chake kilikataa watu. Aliyepooza miguu yote miwili baada ya miezi ya maumivu ya mgongo hakupita. Huyo tuliwaza uti wa mgongo, labda kifua kikuu cha mifupa. Aliyeanza na homa kali na shingo kukaza hakupita. Aliyeanguka akitoa povu kama alivyokuwa akianguka tangu utotoni, hicho ni kifafa. Aliyegongwa na gari wiki iliyotangulia alikuwa na sababu yake wazi.

Kigezo kigumu kuliko vyote kilikuwa kile cha kuanza kwa haraka. Mfiwa yeyote atakwambia mtu wake alikufa ghafla. Mama aliyemuuguza mwanawe mwaka mzima, akimbeba kwenda chooni, atasema "ametutoka ghafla", na hasemi uongo. Moyo wake haukuwa tayari. Kwa hiyo swali la ghafla tuliacha kuliuliza. Tuliuliza: mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi? Alikuwa akifanya nini? Ulipomkuta alikuwaje?

Nyumba nyingi hazikuwa na saa ya ukutani, wala hazikuihitaji. Walinijibu kwa adhana, kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Radio Tanzania, kwa umeme uliokatika, kwa kelele za watu wa Simba wakirudi Msimbazi baada ya mechi. "Adhana ya alasiri ilimkuta anachambua mchele," mama mmoja aliniambia kuhusu dada yake. "Swala inakimiwa, keshalala chini na mdomo umekwenda upande." Baina ya adhana na kukimiwa kwa swala ni dakika chache tu. Sijui daktari gani angetaka ushahidi bora kuliko huo.

Namkumbuka sana bibi mmoja wa Ilala. Tulikaa mkekani uani kwake, yeye anasuka ukili, mimi na karatasi zangu magotini. Nilipomwamkia na kumpa pole ya msiba wa binti yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, yule hakuugua. Yule alipigwa."

"Alipigwa na nini, bibi?"

"Si unajua magharibi hapaendwi chooni ovyo ovyo? Alikwenda mzima, kashika kopo lake. Nikasikia kopo linaanguka."

"Upande gani uliopigwa?"

"Huu wa kulia wote. Mkono ukawa si wake. Namwambia, mwanangu, itikia basi, anafungua mdomo, sauti inatoka, maneno hayatoki. Ananitazama tu, anajua kuwa nazungumza naye."

Mkono na mguu wa kulia kulegea pamoja na maneno kupotea ni picha ya upande wa kushoto wa ubongo ulioumia. Imo katika vitabu vyote vya neva. Bibi hakusoma hata kimoja, na aliisimulia sawasawa. Nilimuuliza homa, akasema hapana. Nikamuuliza kama aliwahi kuanguka kabla, akasema hapana. Walimpeleka kwa mganga Magomeni, akanyweshwa kombe, akasomewa, na siku ya tatu akafa. Hospitali hawakwenda, kwa kuwa mzee mmoja wa ukoo alisema mtu wa hali ile akichomwa sindano hatoki.

Baada ya nyumba nyingi za namna ile niliona jambo ambalo mafunzo hayakunitayarisha nalo. Nyumba zilizosema jini zilinipa maelezo bora kuliko zilizosema presha. Jini hupiga mara moja, mahali fulani, saa fulani, upande fulani wa mwili. Kwa hiyo watu waliweka akilini mahali, saa na upande. Nyumba ya presha ilikuwa na jibu mkononi tangu mwanzo, na mwenye jibu mkononi haangalii. "Si presha tu," waliniambia, na kuuliza zaidi ya hapo kuliwachosha. Ndiyo maana sikupenda hata siku moja kusikia watu wakiyacheka maelezo ya majini. Sababu waliyoitaja sikuikubali, lakini dalili walizoniletea zilikuwa safi.

Kulikuwa na nyumba nyingine ambako hakuna aliyetaka kusema lolote. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, na UKIMWI ndio uliokuwa ukiua watu wazima wengi kuliko ugonjwa wowote. Familia iliniona na karatasi ikadhani nimekuja kuuliza hilo, na mara nyingine mwisho wa maswali yangu ulikuwa hapo hapo. Kijana wa miaka thelathini, upande mmoja umelegea taratibu kwa majuma, amekonda, homa inakuja na kuondoka: huyo si kiharusi kwa kigezo chetu, kwa sababu kiharusi hakiji taratibu. Kaka yake angeniomba, kwa sauti ya chini, niandike kiharusi, ili mjane apate kuishi kwa amani mtaani. Niliandika alichoniambia kuhusu siku na majuma, na jina la ugonjwa sikuliandika mimi. Walioliandika walikuwa madaktari waliozisoma fomu zile bila kutuona sisi wala wafiwa. Utaratibu huo ulinilinda mimi na ulimlinda marehemu.

Kigezo cha saa 24 nacho kilinisumbua, kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu, nje ya kazi. Mfanyabiashara wa mchele, jirani yetu, alikuwa na meza yake jirani na lile soko kubwa la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Asubuhi moja daftari lilimtoka mkono wa kushoto. Akajaribu kuliokota, vidole havikukubali. Vijana wakamkalisha kwenye gunia, wakampa maji, na kabla ya adhuhuri mkono ulirudi, akahesabu fedha zake, akala pilau, akacheka. Majuma machache baadaye alianguka kweli na hakuinuka tena. Kwa kigezo chetu, tukio la kwanza halikuwa kiharusi, kwa sababu halikumaliza siku. Kama angekuwa katika mitaa ya mradi, ile asubuhi ya daftari isingehesabiwa.

Sikulaumu kigezo. Kilitungwa kwa ajili ya kuhesabu, na kwa kuhesabu kinafaa, maana bila mpaka kila ganzi ya mkono ingeandikwa. Lakini kwa mtu aliye hai, ule mkono uliorudi kabla ya adhuhuri ndio onyo kubwa kuliko yote. Madaktari duniani wamekuja kuliona hilo vizuri: mwaka 2009 wataalamu wa Marekani waliacha kutumia saa kutofautisha kiharusi na tukio la kupita, wakaangalia kama nyama ya ubongo imekufa au la. Sisi kwenye mkeka hatukuwa na namna ya kuiona nyama ya ubongo.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet, na aliyetangulia katika orodha ya waandishi alikuwa Richard Walker. Kati ya vifo 7,629 vya watu wazima katika maeneo yote matatu, 421 vilihesabiwa kuwa vya kiharusi. Lakini tarakimu iliyonikaa ni ya Dar es Salaam peke yake. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, wanawake wa mitaa yetu walikufa kwa kiharusi kwa kiwango cha 88 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Uingereza na Wales, kwa umri huo huo, kiwango cha wanawake kilikuwa 8.6. Wanaume wetu walikuwa 65, wao 10.8. Tulikuwa tumeambiwa miaka yote kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu wazee waliokula sana. Niliisoma ile tarakimu ya 88 nikamwona yule binti na kopo lake.

Sababu haikuwa mbali. Upimaji wa shinikizo la damu uliofanyika Ilala katika miaka ile ya tisini ulionyesha kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu. Chini ya mmoja katika kila watano wenye tatizo ndiye aliyejua kwamba analo, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika mmoja katika mia. Ina maana kwamba zile nyumba zilizonijibu "presha" kwa uhakika mkubwa zilikuwa, nyingi zake, zinakisia. Neno lilikuwa limeshaenea mjini kabla ya mashine ya kupimia.

Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti walirudi Hai na Dar es Salaam, safari hii kuwatafuta wagonjwa walio hai. Viwango viliposawazishwa kwa umri, Dar es Salaam ilikuwa na viharusi vipya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai karibu 109. Kazi nyingine, iliyoongozwa na Gerry Mshana na kuchapishwa mwaka 2008, ilieleza jambo nililolijua kwa masikio: watu wa Hai walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo, na watu wa Dar es Salaam walitaja zaidi mashetani na uchawi, wakaanzia kwa waganga. Wengi walishangaa kwamba mji ndio unaoamini hivyo. Mimi sikushangaa. Mjini, mtu aliyeamka mzima huonekana akianguka na nyumba nzima ya wapangaji, na kila mpangaji amekuja na elimu ya kwao.

Siku hizi mashine ya CT ipo, na inaonyesha kama damu imemwagika ndani ya ubongo au imeganda kwenye mshipa. Hilo hatukulijua kwa fomu hata moja, na kwenye Lancet halikuweza kutenganishwa. Hata orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 imekihamisha kiharusi kutoka magonjwa ya moyo na mishipa, ikakiweka katika magonjwa ya mfumo wa neva, pale bibi wa Ilala alipokuwa amekiweka kwa maelezo yake. Ipo pia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kama hakuna aliyeziona zikianza, daktari huhesabu tangu mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Swali ni lile lile tulilouliza mkekani, ila sasa linaulizwa mgonjwa akiwa bado anapumua.

Nimestaafu, na bado nakaa Kariakoo, ambako ghorofa zimemeza nyumba nyingi za uani. Watu wakiniita usiku kwa mgonjwa, nakuta bajaji imeshawashwa na ndani yake amepakiwa mjomba mwenye fedha, aliyefika dakika hiyo hiyo kutoka kwake. Binti wa kazi, aliyekuwa jikoni na mgonjwa na kusikia sahani ikivunjika, ameachwa mlangoni afunge nyumba. Namwambia mjomba ashuke, au asogee. Huyu binti ndiye apande, maana daktari atakapouliza saa, anayeijua ni yeye.