Usitie Saini Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Presha ya mama yako imetulia, na harusi ya binamu yako imesogezwa hadi baada ya Idi. Kilichonishikisha kalamu ni habari niliyopewa na mdogo wako, kwamba kuna kampuni imekuletea mkataba kwenye simu, wakupe dola 5,000 sasa hivi, uje uwalipe kesi yako ya kugongwa itakapokwisha. Anasema umekwisha kukubali, imebaki saini, na kwamba pesa zenyewe ni za kuezeka nyumba ya Kikambala. Mwanangu, usitie saini kwanza.

Hali yako naijua. Mgongo haukuruhusu tena kubeba maboksi ghalani, kodi hapo Brooklyn Park haingoji, na bima ya aliyekugonga inakuzungusha kwa sababu inajua dhiki itakushinda. Mambo ya kuzungushwa nayajua kuliko mtu yeyote katika ukoo huu. Nilikuwa karani wa mawakili hapa Mombasa tangu enzi za taipu hadi kustaafu, na mawakili vijana walikuwa wakiniuliza mimi kabla ya kufungua kitabu. Baba yako naye angeniuliza juu ya kile kiwanja cha Mtwapa, leo tusingekuwa na kesi ya mpaka. Lakini hilo tuliache.

Kulikuwa na hamali mmoja wa soko la Kongowea, kijana wa rika lako. Lori lilimvunja mguu akisukuma mkokoteni. Kesi yake ilikuwa nzuri, maana dereva alikwisha kutiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki. Lakini hata kesi nzuri huahirishwa. Leo hakimu hayupo, kesho faili halionekani, keshokutwa daktari wa upande wa pili anataka kumpima upya, na huku watoto wanataka kula. Mwenye duka mmoja akajitolea kumkopesha, walipane fidia ikitoka. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu, akilibeba kwenye mfuko wa nailoni. Kila mwisho wa mwezi hamali alikuja na magongo yake, akachukua kidogo, akabonyeza dole gumba. Siku moja nililiomba daftari nikalisoma. Kila ukurasa ulianza na jumla ya ukurasa uliopita, riba ikiwa imo ndani, kisha riba ya mwezi mpya ikapigwa juu ya jumla hiyo. Alichokula hamali hakikufika nusu ya kilichoandikwa.

Bima ikaleta pendekezo la kumalizana nje ya mahakama. Halikuwa baya, na wakili alimshauri alipokee. Hamali akakaa mbele ya meza yangu akauliza: nikitoa la daftari, nabaki na nini? Tukapiga hesabu pamoja, hakubaki na kitu. Akakataa, akangoja hukumu. Hukumu ilipokuja, hakimu alimkata sehemu kwa kuwa naye alikuwa amekaa vibaya barabarani, na daftari lilikuwa limezidi kunenepa. Siku ya hundi mwenye duka alitangulia kufika, akakaa kwenye benchi la nje na mfuko wake mapajani. Hamali aliondoka na pesa zisizotosha hata ada ya shule ya mtoto mmoja. Mpaka leo naumia. Mguu ulikuwa wake, fidia ya mguu ikaenda dukani.

Utaniambia Marekani si Kongowea, na kwamba mkataba unasema ukishindwa kesi hudaiwi kitu. Ni kweli, mikataba hiyo ndivyo ilivyo. Basi jiulize kwa nini hawatoi pesa mpaka wazungumze na wakili wako na kuona ripoti ya polisi na ya hospitali. Huchagua kesi zenye dalili za kushinda, kisha hutoza kama kwamba zote zitashindwa. Huko Ohio mama mmoja aliyegongwa alichukua dola 6,000 kwa mkataba wa namna hii. Kesi ikiisha ndani ya mwaka alipe 16,800, ikifika miaka miwili alipe 27,600. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliufuta mkataba ule, na majaji waliona yale niliyoyaona mimi mezani kwangu, kwamba deni la aina hii humzuia mdai kukubali maelewano. Usijipe moyo kwa hilo. Mwaka 2008 Ohio ilitunga sheria ya kuiruhusu mikataba hiyo, na jimbo lako la Minnesota liliondoa katazo lake la zamani mwaka 2020.

Mdogo wako anasema wanataka asilimia 3 kwa mwezi, riba juu ya riba. Kwa miaka miwili hizo 5,000 zinakuwa 10,164. Tuseme umelipwa 30,000. Wakili achukue theluthi yake, 10,000, gharama za kesi 1,500, hospitali 6,000, na hao wakopeshaji 10,164. Unabaki na dola 2,336 na mgongo mbovu. Na riba ni riba, hukumu yake unaijua tangu chuoni.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye nafuu yako. Binti yangu amenisomea sheria ya huko. Huko Minnesota, bima ya gari lako mwenyewe hulipa bila kujali nani mwenye kosa: hadi dola 20,000 za matibabu, na hadi 20,000 nyingine za hasara kama mshahara uliopotea. Ya mshahara ni asilimia 85 ya ulichokuwa ukipata, isizidi 500 kwa wiki. Je, umeiomba? Kama hukuiomba, unataka kukopa kwa mgeni na huku yako imelala.

Hospitali, mwambie wakili awaandikie wangoje malipo yao. Jamaa wa msikitini waeleze shida yako, usione haya; baba yako alichangia wengi. Picha za kuinua vyuma usiweke mtandaoni, mawakili wa bima huzitafuta. Na ikiwa mwisho wa yote huna budi kukopa, chukua kodi ya mwezi mmoja tu, na wakili akuandikie jumla utakayodaiwa baada ya miezi 6, 12 na 24.

Nyumba ya Kikambala iache. Paa lile limevuja tangu babu yako yu hai, na mama yako analala kwangu. Hakuna aliyekutuma kuuza mgongo wako kwa mabati.

Nitumie kurasa zote za mkataba, si ile ya kwanza yenye picha ya watu wanaocheka. Kisha muulize wakili habari ya mshahara na unipigie asubuhi yako, kwangu itakuwa jioni na nitakuwa nimekwisha kuusoma. Mpaka hapo, usitie saini.

Shangazi yako akupendaye